Kitu Kisicho na Harufu

Jumanne, 1 Julai 2025

Dada Genoveva amefika kutoka Kibosho. Kaja na mkungu wa ndizi, kuku wawili hai na jiko la mkaa. Jiko! Limesafiri kwenye buti la basi kutoka Moshi, limefungwa kanga mbili kama mgonjwa. Kana kwamba Kibamba hakuna majiko.

Amekuja kumlea mwanangu Hope, aliyejifungua Alhamisi iliyopita. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, bado hajapewa jina. Baba wa mtoto yuko Mtwara kwenye mkataba wa kazi. Mama yake Hope tulimzika miaka sita iliyopita. Kwa hiyo mzazi karudi kwa baba yake, na baba hajui kupika mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi. Namshukuru dada kwa kuja. Naandika hivyo leo kwa sababu kesho huenda nisiweze.

Hazikupita saa tatu — jiko chumbani. Dirisha limefungwa, kitenge kimesokotwa chini ya mlango. Mzazi anapashwa joto siku arobaini, mtoto asiingiwe na baridi. Kwetu ndivyo inavyofanywa, lakini kwetu ni mlimani, Julai mtu anaiona pumzi yake. Hapa ni Dar es Salaam! Nimemwambia. Kajibu kuwa Dar nayo ina Julai.

Ana utaratibu wake. Anawasha mkaa uani, anapepea mpaka moshi uishe na kila kipande kiwe chekundu. Hapo ndipo anaingiza ndani.

"Ukishaiva hauna moshi. Hauna moshi, hauna neno."

Nikasema ubaya wake unaanzia hapohapo. Akaniuliza kama nimeshawahi kuzaa.


Jumatano, 2 Julai

Mwaka juzi niliandika makala gazetini kuhusu mkaa. Mhariri akakata nusu nzima, akaacha nusu ya upole. Tangu siku hiyo mtaa unaniita Mhariri — jina la mtu aliyenikata! Leo nimeitafuta ile nusu iliyotupwa, nikamsomea dada wakati anamenya ndizi. Kwamba mkaa ulioiva, usio na moshi, ukifungiwa chumbani unatoa hewa yenye sumu. Kaboni monoksaidi. Inaingia kwenye damu, inakalia nafasi ya hewa safi, na mtu analala tu. Haamki.

Akasikiliza mpaka mwisho. Hiyo ni heshima ambayo mhariri hakunipa.

"Haina harufu?"

"Haina."

"Haionekani?"

"Haionekani."

"Sasa wewe ulikutana nayo wapi?"

"Nimesoma."

"Aa," akasema. "Umesoma."

Akachukua ndizi nyingine. Nimebishana na madiwani, na mapadri, na wakurugenzi wawili, mmoja mpaka akanyanyuka kwenye kiti. Sikumbuki kupigwa na neno dogo namna ile.

Hope anasema kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Shangazi yake anasema ni uzazi. Mtoto analala sana. "Hana usumbufu kabisa," dada anatangaza, kwa majivuno. Leo sitalala vizuri kwa sababu ya sentensi hiyo.


Alhamisi, 3 Julai

Nimemwaga maji kwenye jiko.

Nilimwambia mara tatu alitoe. Mara ya nne nikalitoa mwenyewe hadi uani nikalimwagia jagi zima. Majivu yakaruka mpaka kwenye nguo za kuanika. Dada akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. "Umezima moto wa mzazi," akasema, taratibu, kama mtu aliyeniona nikitema mate kanisani.

Dirisha likafunguliwa. Mchana Hope akasema, "Shangazi, usikasirike. Tangu limetoka kichwa kimepoa." Basi. Nimeshinda.

Dada haongei na mimi. Anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha." Nimekwenda kununua chumvi.

Utaratibu mpya: maji yanachemshwa kwenye gesi, yanatiwa kwenye chupa, chupa zinaviringishwa kanga na kuwekwa miguuni pa mzazi. Dirisha linabaki wazi upana wa kiganja. Jiko la gesi liko kwenye kona ya korido, hatua nne kutoka mlango wa Hope, na mtungi uko chini yake. Si mahali pake, najua. Mahali pake ni nje. Ila mwezi wa tano waliiba mtungi wa jirani yangu Twaha uani kwake, mchana kweupe, huku anaswali. Sasa mtaa mzima unalala na mitungi ndani.

Dada akaiuliza sufuria kama gesi nayo haiui. Nikajibu kwa niaba ya sufuria. Nikasema gesi ni adui mwenye adabu, anapiga hodi. Yenyewe haina harufu, wanaitia makusudi ile harufu ya yai bovu, ili ikivuja kila mwenye pua ajue.

Kila mwenye pua. Nimelisema hilo bila hata kupepesa macho.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike mara moja tu. Mimi sina. Pua yangu ilikufa mwanzoni mwa 2021, kwenye yale mafua ambayo mwaka ule tulikuwa hatuyaiti kwa jina lake. Homa ilipona, harufu haikurudi. Kwanza nilidhani ni ya wiki. Sasa ni mwaka wa tano. Hakuna ajuaye. Wenzangu wakisema chakula kinanukia, nasema kinanukia. Wali unaoungua naujua kwa mlio, unatoa sauti kavu kama karatasi inayokunjwa. Mvua naijua kwa kuku wa Twaha. Nimekuwa mtu wa masikio. Na nimekuwa nikiandika makala za moshi, mitaro na dampo, kwa hasira ya mtu anayenusa!


Ijumaa, 4 Julai

Sufuria imenisalimia asubuhi. Maendeleo.

Hope amekula mtori bakuli mbili. Mtoto amelia vizuri, kwa nguvu, kila baada ya saa mbili. Sijawahi kufurahia kelele hivi.


Jumamosi, 5 Julai

Gesi imeisha jioni, mtori ukiwa umeshaiva. Nikampigia Loveness, mwenye duka la mitungi njia panda. Huwa anapeleka mizigo mwenyewe kwa pikipiki yake, mtungi kaukumbatia kwa mapaja, na ukimshangaa anakutukana kwa upole.

"Shikamoo Mzee Mhariri! Lini utaniandika na mie gazetini?"

"Siku ukiacha kupandisha bei."

"Basi nitakufa sijulikani."

Kafunga regyuleta kwenye mtungi, kafungua koki. Kwa kawaida Loveness anapima kwa pua. Anainama, anavuta, anasema safi au anakaza. Wauza gesi wote wa huku hupima hivyo, na mimi nimewahi kuandika kwamba ni ujinga, kwamba kuna kitu kinaitwa povu la sabuni: unapaka kwenye maungio, yakitumbuka mapovu, panavuja. Leo akainama, akapiga chafya mara mbili.

"Mafua yamenibana, Mzee. Pua imeziba kama mtaro. Ninusie wewe."

Dada alikuwa mlango wa uani na mtoto begani, upepo unampiga kwa nyuma. Ananitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Sabuni ilikuwa kwenye sinki. Hatua mbili. Ila kuomba sabuni kungeleta swali kwa nini nisinuse tu, na swali hilo lingeulizwa mbele ya mtu niliyemwagia jiko lake.

Nikainama. Nikavuta hewa mara mbili, macho nimefumba, kama waonja chai.

"Safi," nikasema.

"Pua ya msomi hiyo!" Loveness akasema, akafunga koki, akaondoka.


Jumapili, 6 Julai

Naandika kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Dada alikwenda misa ya kwanza bila kupika kitu. Hope alikuwa amelala na mtoto, mlango umefungwa, kile kitenge bado kimesokotwa chini yake kwa mazoea. Nilifungua koki ili nibandike chai. Hapo likanijia jibu kwa yule bwana aliyeandika gazetini kwamba wapinzani wa kuni ni watu wa mjini wasiojua njaa. Jibu zuri. Nikakaa kitini koridoni niliandike lisinipotee. Liliendelea kuwa zuri kwa karibu saa mbili.

Nikasimama, nikachukua kibiriti. Nilishatoa njiti.

"Gaude."

Dada alikuwa mlangoni, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Weka kibiriti chini."

Nikaweka. Akanipita, akafunga koki, akafungua milango yote, akaingia kwa Hope, akatoka na mtoto kifuani na Hope nyuma yake, wakaenda kukaa barazani kwa Twaha. Yote kwa dakika moja. Mimi bado nilikuwa nimesimama, nashangaa hewa ambayo kwangu ilikuwa hewa tu.

Twaha ni mchongaji, vinyago vyake vinauzwa Mwenge, na anapaka vanishi nyumbani kutwa nzima. Akaja, akautoa mtungi nje, akafungua regyuleta. Kimpira cha ndani kimepasuka.

"Mhariri, hii mie nimeisikia nikiwa getini. Na pua yangu nusu imeshaliwa na vanishi! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika."

"Hayo maandishi yatakuja kutuzika."

Kaweka kimpira kipya, kapaka povu, hakuna kilichotumbuka. Loveness akaja mbio, anaomba radhi, anataka kulia, anasema mafua yake yangeua watu. Nikamwambia si kosa lake. Hilo lilikuwa kweli. Nikaishia hapo.

Dada alinitazama muda wote huo.


Jumatatu, 7 Julai

Amenitega, na amenitega kwa ustadi.

Baada ya chakula kanipa mtoto nimbebe. Nikakaa naye barazani nusu saa, namwimbia, namwambia ni malaika. Hope akapita akacheka, akaziba pua, akaendelea. Twaha kutoka ng'ambo ya ua akauliza huyo mjukuu amekula nini. Mimi nikaendelea na wimbo. Dada akatoka, akamchukua, akageuza nepi nikaiona. Ilikuwa imejaa mpaka mgongoni. Shati langu pia.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinijibu kama gazeti, Gaude. Tangu lini hunusi?"

Nikasema nina mafua kidogo. Akasema mafua yana kamasi. Nikasema ni jambo la kupita. Akasema, "Jumamosi ulinusa mtungi." Akaingia ndani kumwogesha mtoto, namsikia anamchekesha, sauti yake ya kawaida kabisa.


Jumanne, 8 Julai

Masharti yametoka, mbele ya chai.

"Mwambie Hope mwenyewe. Mie simwambii, si siri yangu. Lakini gesi hii siiamini tena, na wewe sikuamini na gesi. Ukinyamaza, moto wa mzazi unarudi."

Nikamweleza kwamba hoja na pua ni vitu viwili. Mkaa unaua hata kama mimi ni kiziwi, kipofu na mwongo. Kasema amesikia. Kasema pia kwamba kwenye mkaa ameshalea wazazi kumi na mmoja na wote wako hai, na kwenye gesi yangu siku tatu tu zilitosha.

Sina takwimu za kuwashinda watu kumi na mmoja walio hai.

Lakini nikimwambia Hope leo — tuseme nimemwambia — atabakiwa na nini kwangu? Baba aliyezima moto kwa sababu amesoma, kisha akadanganya kuhusu kitu ambacho hata paka anakijua. Shangazi yake atasema neno moja tu na jiko litaingia. Kwa hiyo kunyamaza ndiyo njia ya kulinda hoja. Nimeisoma tena sentensi hiyo. Kama ingekuwa ya mtu mwingine, ningempasua.


Jumatano, 9 Julai

Sijasema.


Alhamisi, 10 Julai

Hospitali. Benchi la nje ya wodi. Daftari lilikuwa mfukoni.

Dada aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Msasani, msiba wa mtu wa nyumbani. Niliposikia lango nikatoka chumbani. Ameacha chupa mbili za chai mezani na uji kwenye hotpoti. Jana usiku alikuwa ameniambia nisiguse gesi mpaka arudi. "Nimeshapanga kila kitu."

Sikugusa. Nikakaa koridoni, koki imefungwa, nimepaka povu kwenye maungio mara mbili kwa mkono wangu. Mlango wa Hope umefungwa. Nilijiona mlinzi mzuri. Niliandika hata aya moja.

Saa nne hivi nikagundua sijasikia kitu. Mtoto analia kila baada ya saa mbili. Mara ya mwisho alilia dada akiwa bado yupo. Nikaita, "Hope?" Akaitika baada ya muda, neno lisiloeleweka, kama la mtu aliyelewa. Nikasogea mlangoni. Nikatega sikio.

Tk. Kimya. Tk, tk.

Mkaa ukipasuka. Hakuna kitu kingine chenye mlio ule.

Kitenge kilikuwa kimesokotwa chini, mlango ukakaza. Dirisha limefungwa. Jiko lilikuwa upande wa ukutani, nyuma ya kitanda. Limeiva vizuri kabisa. Jekundu lote, hata uzi wa moshi haupo. Dada anajua kazi yake.

Nilimtoa mtoto kwanza. Kisha Hope, kwa makwapa, akatapika kizingitini. Anasema, "Shangazi alisema gesi imetushinda." Anarudia, anarudia. Nilipiga yowe nikimwita Twaha. Alikuja na patasi bado mkononi, akaitupa, akatoka mbio kutafuta bajaji. Mtoto hakulia. Niliweka sikio kifuani kwake njia nzima. Alikuwa anapumua. Kidogo, lakini nilisikia.

Daktari ni mwanamke, kijana, anaandika haraka. Akauliza mkaa uliingia saa ngapi, chumba kina ukubwa gani. Akauliza, "Mlisikia harufu yoyote?"

"Hapana," nikasema. Kisha nikasema, "Daktari, mimi sisikii harufu. Tangu 2021. Lakini hii hata wewe usingeisikia."

Akaandika. Sijui aliandika sehemu ipi.

Hope yuko kitandani, kavalishwa oksijeni, ameweza kukaa. Ameniuliza kwa nini sikumwambia. Ina maana daktari kamwambia, au kasikia kupitia pazia. Nikamwambia nitaeleza. Akageukia ukuta. Mtoto wamempeleka chumba kingine, mwisho wa korido. Haturuhusiwi kuingia.

Saa tisa dada kafika, bado kajifunga kanga ya msibani. Twaha ndiye aliyempigia. Alitembea korido nzima bila kuangalia pembeni. Ile nusu ya makala iliyokatwa naijua kwa kichwa, neno kwa neno. Nilikuwa nayo mdomoni. Miaka yote hii nimekuwa nikitaka mtu mmoja tu asimame mbele yangu akiwa amekosea kiasi hiki.

Alikaa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Niliogopa gesi," akasema baadaye. "Wewe na gesi."

"Jumamosi nilidanganya."

"Najua."

"Ningesema ukweli, usingelirudisha jiko."

Anazungusha rozari kidoleni, hasali. Mikono yake ina weusi wa mkaa kwenye kucha, tangu alfajiri. Hajauona. Mimi nauona.

Saa kumi. Nesi kapita mara mbili, hatuangalii.

Saa kumi na nusu. Kuna mtoto analia huko mwisho wa korido, nyuma ya mlango. Amelia mara moja, akanyamaza. Chumba kile kina watoto sita au saba, niliwahesabu mlango ulipofunguka.

Dada kaninyakua mkono. Ameziba ile nafasi kati yetu bila kujua.

"Gaude, wewe una masikio. Ni yeye?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa karibu sana, na angeiamini.

"Sijui," nimemwambia. "Ngoja alie tena."

Tumetega masikio wote wawili.